Shati la Marehemu

Kama Nusaiba angejua kwamba Bwanaheri naye ameitwa kwenye semina ile, angetafuna hata majani ya mwarobaini apate kisingizio cha tumbo, mradi asiende. Lakini hakujua. Siku ya kwanza aliingia ukumbini pale kituo cha walimu, Kibiti, mtandio wa zambarau kichwani na mkoba kwapani, akisalimia huku na huku kwa bashasha zake, mara macho yake yakagongana na macho aliyokuwa akiyakimbia tangu mwaka wa mafuriko. Akatafuta kiti cha mbali kabisa, akakaa, na tangu hapo akawa haoni vizuri hata kilichoandikwa ubaoni.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya semina. Walikuwa wamefundishwa namna ya kuendesha darasa lenye watoto wa kila hali: asiyesikia vizuri, asiyeona vizuri, anayechelewa kuelewa, na zaidi ya wote yule aliyebeba machungu yasiyoonekana kwa macho. Watoto wa aina hiyo ya mwisho walimu wa ukanda wa mto walikuwa nao wengi, maana maji yalipopanda yalichukua nyumba, mashamba na watu. Nusaiba alikuwa naye mmoja nyumbani kwao, na ndiye aliyemtenganisha na mwanamume aliyempenda.

Mtoto huyo aliitwa Sihaba. Alikuwa binti wa kaka yake Nusaiba, marehemu Saidy, na mama yake alimfia akiwa bado mchanga. Saidy naye alizama siku mtumbwi wake ulipopinduka akivusha majirani waliozingirwa na maji. Mwili ulipatikana, ukazikwa. Sihaba, aliyekuwa na miaka sita, akaambiwa kile wanachoambiwa watoto wote wa huku: baba amesafiri.

Sasa, asiyejua mila za Rufiji anaweza kuona ajabu, lakini msiba bila watani huku haujawa msiba. Watani ndio wachimba kaburi, ndio wapishi, na ndio wanaowachokoza wafiwa mpaka wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Ukoo wa kina Bwanaheri, Wamatumbi, na ukoo wa kina Nusaiba, Wandengereko, walikuwa watani tangu enzi za mababu. Bwanaheri alikuwa mchumba, lakini siku ile utani ulitangulia uchumba. Akina mama wenyewe ndio waliomchagiza. "Mtani, mbona umepoa hivyo? Au umefiwa wewe?" Basi akaanua kambani shati la drafti la Saidy, akalivaa, akachukua na kofia yake, akaingia kwa mlango wa uani akichechemea kama Saidy alivyokuwa akichechemea, akapaza sauti ileile ya kukwaruza: "Nani kanilia kichwa cha samaki wangu humu?"

Akina mama wakaangua kicheko, wengine wakagaragara. Sihaba alikuwa amelala chumbani. Sauti ile ikamwamsha. Alitoka mbio akarukia mguu wa mtu yule mwenye shati, akaukumbatia kwa nguvu zake zote. "Baba! Baba!" Kicheko kikafa palepale. Kumbandua vidole vyake ilikuwa kazi ya watu wazima wawili, na alipobanduliwa alilia mpaka akakosa pumzi. Kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo Sihaba hakusema tena neno, si nyumbani, si shuleni, si kwa mtu, si kwa paka.

Bi Mwanamkuu, mama yake Nusaiba, alirudisha kila kitu kilichokuwa kimeletwa na upande wa Bwanaheri. "Mtu aliyemkausha mjukuu wangu ulimi," alisema, "hamwoi mwanangu nikiwa na pumzi." Nusaiba hakubisha. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akamwambia Bwanaheri asirudi tena, kisha akaenda kulia chooni ili asionekane. Familia ikahama bondeni ikajenga Bungu, kando ya barabara kuu. Na jioni hii, baada ya alasiri, wazee wa Ally, muuza vifaa vya ujenzi wa hapo Bungu, walikuwa wanakuja kuchukua jibu la posa. Ally hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma Nusaiba, kwamba hakuwa na la kumkatalia. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba amekubali.

"Leo sitaki kuona kalamu," alisema Bi Shamsia, mkufunzi wao, mama wa makamo mwenye sauti ya pole na macho yasiyokubali kukwepwa. "Leo nataka kusikia midomo yenu inavyofanya kazi yenyewe. Mwalimu Haruna, hebu njoo mbele. Wewe ni mtoto wa darasa la kwanza. Umeletwa shule, unalia, unamtaka baba yako."

Haruna, mwalimu wa michezo mwenye kitambi cha heshima, hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Akajibwaga sakafuni, akarusha miguu. "Nataka babaaa! Nataka babaaa mimi!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

"Nani anambembeleza? Mwalimu Nusaiba, wewe hujafungua kinywa tangu asubuhi. Njoo. Na usifikiri, mwalimu. Fanya unavyofanya siku zote."

Nusaiba akainuka. Alikuwa na aibu, na alijua kuna mtu mmoja upande wa dirishani anayemtazama kuliko wote. Akapiga magoti mbele ya Haruna. Mkono ukataka kumpapasa bega ukabaki hewani, maana Haruna ni mume wa mtu. Lakini mdomo haukungoja mkono.

"Nyamaza," akasema kwa sauti ya ulezi. "Nyamaza, mwanangu. Ukinyamaza, baba atarudi."

Haruna akakata kilio kama redio iliyozimwa, akafumba mdomo akaubana kwa vidole viwili. Wakacheka tena. Wote tunasema hivyo, walimu wakaambiana. Hata mimi mama alinilea hivyohivyo.

Bi Shamsia hakucheka. "Haya, mtoto amefanya alivyoambiwa. Baba asiporudi je?"

"Mimi, Madam?" Haruna akajibu kutoka sakafuni, bado yumo kwenye mchezo. "Mimi ningezidisha. Ningedhani sijanyamaza sawasawa."

Walicheka sana. Nusaiba alibaki amepiga magoti. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. Hakuisikia ya leo. Aliisikia ya siku ile, uani kwao, yeye akiwa anabandua vidole vidogo kimoja kimoja kutoka kwenye mguu wa Bwanaheri, huku midomo yake iko karibu na sikio la Sihaba: Nyamaza, nyamaza, ukinyamaza baba atarudi. Na mtoto akanyamaza. Alikuwa mtoto mtiifu siku zote.

Akainua macho. Walimu wote walikuwa wanacheka isipokuwa Bwanaheri. Alikuwa anamtazama kwa huruma, na katika ile huruma hamkuwa na mshangao wowote. Hapo Nusaiba akajua kwamba jambo hili Bwanaheri alikuwa analijua kabla ya leo.

Akatoka nje bila kuomba ruhusa.

Alimkuta Bwanaheri nyuma ya jengo, karibu na simtanki la maji, maana na yeye alitoka kwa mlango mwingine. Alikuwa amekonda. Hata hivyo mabega yalikuwa yaleyale, na Nusaiba alijichukia kwa kuyaona.

"Ulijua," akasema.

"Nusaiba, ngoja kwanza..."

"Sijakuuliza. Nakuambia. Ulijua."

Bwanaheri akaegemea simtanki. "Siku ile nilisikia ulichomwambia. Mtoto alikuwa mguuni pangu, ningekosaje? Lakini lilinipita. Nililiona neno la kubembelezea tu."

"Likaacha kukupita lini?"

"Mwaka huu. Niliitwa kwenye semina ya kwanza, ile ya kutuandaa walimu wachache. Bi Shamsia akatupa zoezi hilihili. Nilipolisikia neno, wallahi, chakula cha mchana kilinishinda."

"Ukanyamaza."

"Nilikuja Bungu. Mama yako alinitoa mbio na mwiko wa ugali, watu wote wa kijiweni wameona."

Siku nyingine Nusaiba angecheka. "Una simu, Bwanaheri. Namba yangu sijabadilisha."

"Nikupigie nikuambie nini? 'Hujambo, Nusaiba, habari za siku nyingi, yule mtoto si mimi niliyemnyamazisha, ni wewe'? Ningelisema kwa mdomo upi?"

"Kwa mdomo huohuo ulionitongozea!"

Mwanamke mmoja mpishi alipita na beseni la vyombo, akawatupia jicho, akaongeza mwendo.

"Shati nilivaa mimi," Bwanaheri akasema polepole. "Hilo siliondoi, hata siku ya kiyama nitalijibu. Nikaona kama mzigo upo na mbebaji keshapatikana, kuna haja gani ya kukutwisha na wewe? Nikasema bora anichukie mimi kuliko ajichukie mwenyewe. Nimekupenda namna hiyo. Labda ni ujinga."

Moyo wa Nusaiba ulimsaliti. Ulimwendea yule mwanamume palepale, mbele ya simtanki, bila kuaga. Kumbe miaka yote hii alikuwa amebebewa mzigo wake, naye akimtukana mbebaji. Lakini nyuma ya mapenzi ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyopata mdomo.

"Ulinilinda mimi. Na Sihaba alilindwa na nani? Anakaa benchi la nyuma, Bwanaheri. Wenzake wanamwita bubu. Mwalimu wake anataka apelekwe shule ya viziwi, na mtoto anasikia mpaka nyoya likidondoka! Wewe ulikuwa unajua kinachomfunga, ukaona aibu yangu ni kubwa kuliko mdomo wa mtoto. Mapenzi gani hayo?"

Bwanaheri akainamisha kichwa.

"Hapo umenipata," akasema. "Sina la kujitetea."

"Jioni hii wazee wa Ally wanakuja kuchukua jibu."

"Najua. Bungu iko barabarani, habari zake hupanda kila gari."

"Nimeshakubali."

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo."

"Basi sikuulizi." Sauti yake ilikuwa imepwaya. "Nenda nyumbani, Nusaiba. Mchukue Sihaba pembeni, mwambie mkiwa wawili. Mama hana haja ya kujua. Mimi nimeshazoea kuitwa mchawi, nikiongezewa mwaka hainidhuru."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na Nusaiba aliuona. Njia ile ilikuwa laini. Mtoto angefunguka, mama asingejua, Ally angeoa, na Bwanaheri angebaki na lawama mpaka kaburini. Hakuna ambaye angemnyooshea yeye kidole. Isipokuwa kila siku ya Mungu angeamka akijua nani kambebea.

"Nina mama mmoja," akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Akinitazama anavyokutazama wewe, nitakwenda wapi mimi?"

Bwanaheri akanyanyua mkono, akaurudisha. Hawakuwa na haki ya kugusana.

"Pikipiki yako iko wapi?" Nusaiba akauliza, akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Chini ya mkorosho pale. Nusaiba, watu watatuona."

"Watuone."

Bi Shamsia alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo, hawakujua tangu saa ngapi. Alimshika Nusaiba kiganja. "Usimwambie mtoto aseme," akamwambia. "Mwambie ukweli, kwa maneno yasiyo na kona. Ukishamaliza usikimbilie kumtuliza. Mwache aupokee."

"Ukweli upi, Madam?"

"Kwamba aliyekufa amekufa, mwanangu. Sisi wakubwa ndio tunaoliogopa neno hilo."

Wakapanda pikipiki kuelekea Bungu. Nusaiba alishika chuma cha nyuma, kiuno cha mtu hakukigusa. Lori moja lilipowapita kwa kishindo alijikuta ameng'ang'ania shati la Bwanaheri, na alipogundua hakuachia haraka kama alivyopaswa. Akasikia mgongo ule ukivuta pumzi ndefu. Ndipo akaachia.

Nyumbani uwanja ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Mkeka mpya wa rangi umetandikwa barazani, harufu ya sambusa imetapakaa. Mjomba Mtoro, kaka yake Bi Mwanamkuu, ambaye ndiye angewajibu wageni, alikuwa ameshavaa kanzu, anajipepea kwa kofia. Sihaba ameketi kizingitini anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda vyenyewe.

Bi Mwanamkuu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaiona pikipiki. Akamwona aliyeiendesha.

"Shikamoo, mama," Bwanaheri akasema.

"Sina marahaba yako mimi! Leo? Leo hii, na wageni wangu wako njiani? Nusaiba, umechanganyikiwa au umelishwa kitu huko Kibiti?"

"Mama, naomba unisikilize."

"Nisikilize nini? Kaka, huoni? Mwenye mkosi huyu kaniletea mkosi mlangoni!"

"Dada, taratibu," Mjomba Mtoro akasema. "Majirani hao."

"Si yeye, mama," Nusaiba akasema.

"Si yeye nini?"

"Aliyemnyamazisha Sihaba. Si Bwanaheri. Ni mimi."

Mwiko ukashuka. Nusaiba akaeleza palepale uwanjani, amesimama. Alieleza neno alilosema sikioni mwa mtoto, na namna alivyolisikia leo kutoka kinywani mwake. Hakumwongezea Bwanaheri sifa wala hakujipunguzia kosa. Bi Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Huo ni upuuzi wa semina. Neno la kubembelezea ndilo limzibe mtoto mdomo? Wewe mwenyewe nimekulea kwa neno hilo! Marehemu kaka yako nimemlea kwa neno hilo! Umekuta mmoja wenu bubu?"

"Sisi baba alikuwa anarudi kweli, mama. Jioni alikuwa anarudi."

Alitazama upande, na Nusaiba akaona uso wa mama yake ukizeeka mbele yake. Macho yalipomrudia yalikuwa makali kuliko aliyoyaogopa. "Kwa hiyo ni wewe," mama akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa kaka yako."

"Ni mimi, mama."

Hakungoja kusamehewa. Alimwendea Sihaba, akapiga magoti chini ya kizingiti mpaka macho yao yakawa sawa. Vidole vya mtoto viliendelea kusuka.

"Sihaba, shangazi nina jambo la kukuambia. Si lazima unijibu." Akaweka viganja mapajani. "Baba hakusafiri. Baba alikufa. Alizama mtoni siku ya mafuriko, akafa, tukamzika kule bondeni karibu na bibi yake."

"Unamuua mtoto!" Bi Mwanamkuu akapiga hatua. Mjomba Mtoro akamshika mkono.

"Siku ile mtu aliyevaa shati la baba hakuwa baba. Alikuwa mjomba Bwanaheri. Wewe ulilia, mimi nikakuambia ukinyamaza baba atarudi. Nilikudanganya, mwanangu. Nilitaka uache kulia tu, nilikuwa sijui la kusema. Hata ukinyamaza mpaka uote mvi, baba harudi. Na ukisema, si wewe utakayekuwa umemzuia. Aliyekufa hazuiwi na mtu. Basi. Ndiyo hayo."

Vidole vikasimama. Mafuta yalisikika yakichemka jikoni. Nusaiba alitaka kumkumbatia, alitaka kumfuta uso, alitaka kusema neno lolote la kulainisha. Akajizuia mpaka mikono ikamuuma.

Midomo ya Sihaba ilifunguka, ikafunga, ikafunguka tena. Sauti iliyotoka ilikuwa imekauka, nene kuliko ile waliyoikumbuka.

"Nimenyamaza sana, shangazi," akasema. "Hata nikiota sisemi."

Kisha akalia. Alilia kilio cha mtu mzima, cha kutoka tumboni, ukili ukamdondoka mapajani. Bi Mwanamkuu akajitoa mikononi mwa kaka yake akamkimbilia, akamvuta kifuani, na mdomo wake ukaanza wenyewe kama kawaida yake: "Nyama..."

Akaliuma neno. Akajiziba kinywa kwa upindo wa kanga, macho yamemtoka. Ilimchukua muda kupata lingine.

"Lia," akasema. "Lia, mjukuu wangu. Lia na mimi nilie."

Wakalia wote watatu pale kizingitini, bibi, shangazi na mtoto. Mjomba Mtoro naye alijigeuza ukutani akawa anashughulika na kofia yake isiyo na tatizo lolote. Ndipo gari likasikika likipunguza mwendo barabarani, milango ikafungwa, na sauti za wanaume watu wazima zikakaribia: "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Dada," Mjomba Mtoro akanong'ona, "hao wameshafika. Niwaambie nini?"

Bi Mwanamkuu aliinua uso uliolowa. "Waambie wametukuta msibani."

"Msiba wa nani, dada?"

"Wa Saidy. Kila mtu humu alishamlilia isipokuwa mwanawe. Leo ndiyo kamlilia. Waambie hivyohivyo, nao ni waungwana, watakaa mkekani wataomba dua. Posa haijibiwi juu ya maiti."

"Na posa yenyewe usiwaachie wakaisubiri, mjomba," Nusaiba akasema, bado yuko chini. "Nilisema nimekubali. Nilisema uongo. Ally nitamwambia mwenyewe, kwa heshima zote, hajanikosea."

Mama alimgeukia. Nusaiba alijikaza, tayari kwa lolote litakalotoka. Lakini Bi Mwanamkuu alinyoosha mkono akamfuta chozi la shavuni kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayefuta masizi.

"Sijakusamehe," akasema. "Nitakusamehe. Ngoja nilie kwanza." Halafu akainua shingo kutazama uwanjani. "Na yule anakwenda wapi?"

Bwanaheri alikuwa ameshageuza pikipiki, anaisukuma kwa mkono kuelekea barabarani bila kuiwasha, asije akawasumbua kwa mlio.

"Ulimfukuza, mama."

"Nilimfukuza mchumba. Mtani nilimfukuza saa ngapi? Watu hao wanaingia, nani atakoka moto? Tangu lini mtani akaondoka msibani kabla chungu hakijabandikwa? Mwite!"

Nusaiba hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipita katikati ya wazee wa Ally waliokuwa wanavua viatu, akiwaamkia mkuku mkuku, mtandio umemwangukia mabegani, akatoka mpaka nje.

"Bwanaheri!"

Akasimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa, wala hakujaribu kuuficha.

"Nimemsikia," akasema. "Sauti imekuwa nzito. Kama ya Saidy."

"Mama anasema ukakoke moto. Anasema mtani haondoki msibani."

Bwanaheri akaitazama nyumba, akawatazama wazee wa watu waliosimama mlangoni na viatu mikononi, akamrudia yeye. "Hayo ni ya mama. Wewe unasemaje?"

Wazee walikuwa wanasikia. Nusaiba alijua wanasikia, na alijua kufikia swala ya magharibi Bungu nzima itakuwa imesikia. Akajitanda mtandio wake vizuri, akashika usukani wa pikipiki kwa upande wa pili, akaanza kuisukuma kurudi nyumbani.

"Nasema kuni ziko nyuma ya jiko," akasema, "na ni nyingi. Hutaziweza peke yako."